Maswali ya Wasomaji: Fungate ya Ngazija, Ufukweni na Mlimani

SWALI: Mhariri wa ukurasa wa safari, assalamu alaikum. Mimi ni mkazi wa Tanga, na inshallah mwezi wa Agosti nitafunga ndoa. Mchumba wangu anapenda bahari, nami tangu niliposoma jiografia shuleni nimekuwa na hamu ya kusimama kwenye ukingo wa mlima wa volkano. Kwenye simu naona picha za Hawaii na Bali, lakini nikipiga hesabu ya nauli naizima simu. Rafiki yangu ameniambia kwamba visiwa vya Komoro vina vyote viwili na haviko mbali. Nimepanga siku nane za fungate, na kupanda mlima nimekuweka siku ya mwisho ili kuwe ndiko kunakofunga safari yetu. Habari ya mlima sijamweleza mchumba wangu, kwa kuwa nataka iwe zawadi ya kumshtukiza. Je, mpango huu unafaa?
Bwana Harusi Mtarajiwa, Tanga

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu aijaalie ndoa yenu heri. Rafiki yako amekuambia kweli. Kutoka Dar es Salaam hadi Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, ndege hairuki hata saa mbili, na ukishatua utauona mlima wa volkano wa Karthala umeinama juu ya mji mkuu wa Moroni, ikiwa mawingu yamekuruhusu. Kisiwa umechagua vyema; kilichobaki ni mambo mawili katika mpango wako ambayo nakuomba uyabadilishe kabla hujalipa senti.

La kwanza ni huko kumshtukiza. Karthala una urefu wa mita 2,361, na kwa kuwa safari yake huanzia vijiji vilivyo juu kidogo tu ya Moroni, karibu urefu wote huo unapandwa kwa miguu. Wengi hutembea kutwa nzima, hulala kwenye hema karibu na ukingo, na hushuka siku ya pili magoti yakitetemeka. Mkufu au kanga mpya unaweza kumpa bibi harusi bila kumwonya. Mlima wa namna hiyo huwezi kumpa hivyo. Mwanamke aliyetoka kwenye wiki nzima ya arusi, aliyekesha kwenye unyago na kusimama saa nyingi akipigwa picha, hana deni la kukufuata juu ya mawe ya lava kwa sababu wewe ulipenda jiografia. Mweleze sasa, mwonyeshe picha za njia yenyewe wala si za kilele peke yake, na umpe nafasi ya kusema hapana. Akikataa, nenda wewe na kiongozi wa mlima, naye abaki hotelini Itsandra na kitabu chake na bahari yake. Usiku mmoja wa kutengana hauvunji fungate. Wazee wetu waliohesabu zile siku saba za ndani wangeshangaa zaidi kusikia mmepanda ndege.

La pili ni hiyo siku ya mwisho. Mlima huu una tabia ya kujifunika. Alfajiri huwa wazi kabisa, na jua likipanda mawingu hutoka baharini na kuufunga. Ukiuweka siku ya nane na mvua ikanyesha siku ya saba, utarudi Tanga ukiwa umeuona kwa chini tu. Tena utaingia kwenye ndege ukiwa huwezi kukunja mguu. Mimi ningetumia siku mbili za kwanza kulala na kuogelea, siku ya tatu na ya nne ningepanda na kushuka, na ya tano ningeiacha wazi bila mpango wowote, iwe ya akiba mlima ukikataa au ya kukandana miguu ukikubali.

Agosti yenyewe ni mwezi mzuri kwa mlima, maana msimu wa joto na mvua nyingi ni kuanzia Novemba hadi Aprili, na kipindi hicho ndicho cha vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipiga Ngazija mwezi wa Aprili 2019. Lakini Agosti ina jambo lake. Ndio mwezi wa arusi kubwa za kimila, ambazo Wangazija huziita ada, na Wakomoro waishio Ufaransa, hasa Marseille, hurudi kwa wingi kuoza na kuolewa. Viti vya ndege hujaa, vyumba hujaa, na magari ya kukodi hupanda bei. Kata tiketi na ulipie chumba miezi kadhaa kabla. Faida yake ni kwamba jioni mtakuta twarab viwanjani na wanawake waliovaa dhahabu tangu kipajini, na maharusi wa Tanga hawatakosa mtu wa kuwaambia karibuni.

Sasa niseme wazi kuhusu ufukwe, kwa sababu mchumba wako ndiye anayeutaka. Akiwa na picha ya Nungwi au Paje kichwani, mchanga mweupe unaokwenda mpaka macho yachoke, Ngazija itamsikitisha siku ya kwanza. Sehemu kubwa ya pwani ni mwamba mweusi wa lava uliomwagikia baharini na kuganda, na mchanga hupatikana vipande vipande katikati ya mwamba huo. Uzuri wake uko hapo hapo. Pale Chomoni, upande wa mashariki, mchanga mweupe umelala baina ya mawe meusi kama wali uliomwagwa kwenye sinia la chuma, na maji yanayopita katikati yana rangi ambayo Unguja hamna. Kaskazini, karibu na Mitsamiouli, ziko fukwe pana zaidi za Maloudja, na mbele kidogo kuna Ziwa la Chumvi, shimo la volkano lililojaa maji hatua chache kutoka baharini. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji ambacho watu wake walimnyima mgeni maji ya kunywa, kikazama. Itsandra, iliyo jirani na Moroni, inafaa kwa siku za mwanzo. Na kama mna ndugu Unguja, waambieni mmelala katika mji alikozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi wa Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1925.

Turudi mlimani, maana hapo ndipo maharusi wengi hujidanganya. Ngazija haina mto hata mmoja. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini mwamba wa volkano umejaa matundu na maji hupotelea chini, ndiyo maana nyumba nyingi zina mabirika ya kukinga maji ya mvua kutoka mapaani. Mlimani ni vivyo hivyo: hakuna kijito cha kunawia wala kisima. Nilipopanda mimi, kila mmoja wetu alibeba chupa tatu, na mtu tuliyemlipa atuongoze alikuwa ameahidi kuleta madumu zaidi akaja mikono mitupu. Tulimaliza maji kabla ya kufika ukingoni, tukalala na chungwa moja moja. Kwa hiyo kagueni mzigo wa maji kijijini kabla ya hatua ya kwanza, mbele ya macho yenu. Bebeni pia nguo nzito, kwa sababu usiku kule juu baridi ni kali na umande hulowesha hema, pamoja na viatu vyenye soli ngumu. Raba laini hukatwa na mawe hayo.

Mkifika asubuhi mtaona shimo kubwa lenye upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, na ndani yake kreta nyingine zenye kuta wima na sakafu ya kijivu, na mahali pengine moshi mwembamba ukitoka ardhini. Msiteremke ndani bila kiongozi anayepajua. Mwaka 1903 gesi ya mlima huu iliua watu 17, na gesi haionekani. Mlipuko wa mwisho ulikuwa Januari 2007, lakini mlima haujafa. Mwaka 2005 majivu yaliangukia mabirika ya watu na kuyachafua maji yao ya kunywa, na Aprili 1977 lava ilipasua ubavu wa chini, mbali kabisa na kilele, ikakiharibu kijiji cha Singani. Mkizunguka kusini kwa gari mtaipita lava hiyo, sasa jabali jeusi. Hali ya mlima hufuatiliwa na kituo kilicho chini ya taasisi ya taifa ya utafiti, CNDRS, mjini Moroni. Kiongozi mzuri huuliza habari za huko kabla ya kuwapeleka, na asiyeuliza msimwajiri.

Siku tatu za mwisho ningempa bibi harusi wako, na ningempeleka Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu vya nchi ya Komoro. Nioumachoua kuna visiwa vidogo mbele ya kijiji vyenye fukwe za mchanga na matumbawe hai, na Itsamia kasa wa kijani hupanda kutaga usiku. Mtakaa gizani kimya bila kuwasha tochi wala simu, mkisikia mchanga ukirushwa. Agosti nyangumi nao wamo mkondoni. Nendeni kwa ndege ndogo au kwa boti kubwa ya mchana yenye majaketi ya kuokolea, na kwa hali yoyote msipande mashua iliyojaa kupita kiasi, hata kama nahodha ataapa. Mrudi Ngazija siku moja kamili kabla ya ndege ya nyumbani, kwa kuwa bahari haijui ratiba yenu.

Fedha: chukueni euro taslimu. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, ambapo euro 1 ni takriban faranga 492, na sehemu nyingi hazipokei kadi. Masharti ya viza yaulizeni mapema kwa shirika la ndege na ubalozini.

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Muscat, wazazi wetu ni watu wa Unguja. Tulioana mwaka jana, lakini kazi zilitunyima fungate. Mume wangu anapendekeza Reunion kwa sababu amesikia volkano yake hulipuka mara kwa mara. Mimi nina maumivu ya goti. Je, twende huko au Komoro?
Mama Fungate, Muscat

JIBU: Kwa goti lako, dada yangu, mumeo safari hii ana haki. Volkano hiyo ya Reunion, mlima wa Piton de la Fournaise, una mita 2,632, mrefu kuliko Karthala, lakini barabara ya gari inafika hadi Pas de Bellecombe, ukingoni mwa bonde kubwa linalouzunguka, na ukishuka garini unaona nchi nyeusi na nyekundu iliyotandazwa chini yako bila kupanda hata ngazi moja. Yeye akitaka ashuke kutembea kuelekea kwenye kreta, wewe umsubiri juu. Ni kweli hulipuka mara nyingi, lakini asiweke matumaini ya kuikanyaga lava: moto unapotoka, bonde hufungwa, na watu huangalia kwa mbali.

Baharini muwe waangalifu. Kutokana na mashambulizi ya papa, tangu mwaka 2013 serikali ya kisiwa imepiga marufuku kuogelea nje ya maji ya pwani yaliyokingwa na matumbawe na sehemu zenye ulinzi. Ogeleeni ndani ya maji yaliyokingwa ya L'Hermitage, upande wa magharibi, ambako maji ni ya kina kifupi na hayana mawimbi. Reunion ni sehemu ya Ufaransa, lakini haimo katika eneo la Schengen. Mkihitaji viza, hakikisheni inayataja maeneo ya ng'ambo ya Ufaransa, kwa sababu viza ya Paris peke yake haitoshi. Bei za chakula na vyumba ni za Ulaya. Hilo ndilo lingenirudisha mimi Ngazija, goti au si goti.

SWALI: Mimi ni bibi harusi mtarajiwa wa Mombasa, na tumekwisha kukata tiketi za kwenda Moroni kupitia Nairobi. Nauliza kuhusu mavazi ya kuogelea na iwapo Kiswahili chetu kitasikika.
Binti wa Kibokoni

JIBU: Komoro ni nchi ya Kiislamu na adabu zake ni zile mnazozijua Kibokoni. Kwenye fukwe za vijijini vaa dera, au nguo ya kuogelea inayofunika mwili, na uwe na leso ya kujifunga unapotoka majini. Kwenye ufukwe wa hoteli hakuna atakayekuuliza. Ukiona wanawake waliojipaka usoni kitu cha manjano, hicho ni msindzano, unaosagwa juu ya jiwe kama liwa la bibi zetu, na mwenyeji wako akijitolea kukupaka, kubali. Jua la lava huunguza kuliko la pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa. Chakula hakitakushinda: mataba ni kisamvu kilichotiwa nazi, na kambakochi wa vanila ni wa kuagiza angalau mara moja, kwa bei yoyote.

Kuhusu lugha, Kingazija na Kiswahili ni ndugu, na wazee wengi wa Moroni wamewahi kuishi Unguja au Mombasa, kwa hiyo sokoni utapata wa kukutafsiria. Vijana watakujaribu kwa Kifaransa kwanza. Neno moja tu litakuchanganya: ukimpa mzee zawadi ya halua ya Mombasa akakujibu “marahaba,” usidhani umesahau kumwamkia, kwani huko ndivyo wanavyosema asante.