Barua kwa Mwanangu: Ule Ujumbe wa Meneja

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifika. Umeniuliza imekuwaje ujumbe wa meneja, "Kesho saa mbili tuonane ofisini," ukunyime usingizi hadi alfajiri, ilhali mwenzako aliyepokea huohuo, neno kwa neno, alilala fofofo. Na kama mtu huzaliwa na moyo mgumu.

Mimi sioni kuwa ni moyo. Ujumbe ule haukuwa na shari wala heri. Maana uliitia wewe, kwa namna uliyoizoea. Mazoea haya yamewahi kupimwa: mwaka 2000 wanasaikolojia Andrew Mathews na Bundy Mackintosh waliwasomesha watu visa vifupi vyenye utata, ambavyo maana yake ilifunguka kwenye neno la mwisho tu, nalo lilipunguzwa herufi ili msomaji alikamilishe mwenyewe. Wengine walikamilisha maneno ya heri, wengine ya shari. Walipopewa visa vipya, kila kundi lilivifasiri kama lilivyozoezwa, na wasiwasi wao ukafuata mkondo huohuo. Utafiti mwingine wa mwaka 2006 uliongeza video za kutia hofu, na waliozoezwa kutokimbilia maana mbaya hawakutikisika sana kama wenzao.

Mimi nilifunzwa na mkunga aliyenitangulia kazini. Mlinzi alipogonga mlango wangu usiku, kabla sijapata kandambili chini ya kitanda nilikuwa nimeshamwona mzazi anatokwa damu. Yule mkunga akaniambia nikitafuta kandambili nitaje sababu nyingine mbili zinazowezekana, kwa sauti. Miezi ya mwanzo ulikuwa mdomo tu, moyo haukuamini hata kidogo. Kisha usiku mmoja, nikiwa bado nanong'ona, mlinzi akasema amefuata kiberiti.

Usinielewe vibaya: damu ikitoka imetoka, wala hakuna tafsiri ya kuizuia, na kazi mbaya au bosi mkorofi havitatuliwi kwa kubadili mawazo. Lakini nilipofika wodini mikono haikuwa inatetemeka, kwa sababu sikuwa nimeshamzika mgonjwa njiani.

Basi chukua daftari. Kila ujumbe wa aina hiyo ukija, andika unachokihofia, chini yake andika mambo mawili mengine yanayowezekana, kisha kesho yake uandike lililotokea. Uandike kwa mkono wako. Kusoma ushauri wangu peke yake hakutakuzoeza.

Na katika kurasa zote nne hukuniambia: huyo meneja alikuitia nini?

Mama yako.