Macho ya mwanangu hayatulii, na mwalimu anamnyoosha kichwa

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la pili hapa Igoma. Tangu akiwa na miezi miwili macho yake yanachezacheza kulia na kushoto. Akisoma ubaoni anageuza uso kulia, na mwalimu humshika kidevu amnyooshe, akidhani ni dharau. Jirani anasema hicho ni kifafa. Je, mtoto anaiona dunia ikitikisika? Miwani itamponya? – Mama wa Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kesho asubuhi, kabla hata ya kutafuta daktari, nenda shuleni ukamwombe mwalimu akiachie hicho kidevu.

Nasema hivyo kwa uchungu. Mwaka 1987, nikiwa muuguzi mpya wa macho hapa Mwanza, nilimpima binti mwenye ualbino aliyekuwa akigeuza uso vilevile. Nikamshika kichwa nikakinyoosha. Herufi alizokuwa akizisoma zikamshinda, akalia. Alikuja kunieleza daktari mmoja mzee: kila mtoto wa namna hii ana pembe yake ambapo macho hutulia kidogo, naye huitafuta mwenyewe bila kufundishwa. Mwanao akigeuza uso kulia, macho yanabaki yakielekea kushoto, na huko ndiko yanakotulia. Basi akae dawati la mbele, upande wa kulia wa darasa, ubao uwe kushoto kwake. Hapo hatahitaji kujipinda sana. Aruhusiwe pia kusogeza daftari hadi karibu na pua. Herufi zinakuwa kubwa, na macho yanapokutana kutazama kitu cha karibu, mtikisiko mara nyingi hupungua. Akikaripiwa, unazidi.

Hali hii madaktari huiita nistagmasi. Si kifafa. Rangi inayokosekana kwenye ngozi ya mwanao inakosekana pia ndani ya jicho, na bila rangi hiyo kile kitovu cha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) tunachokitumia kuona vitu vidogo hakikui kikamilifu. Hata mishipa ya kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo hupita njia tofauti kidogo. Jicho linakosa mahali pa kutia nanga.

Kuhusu dunia kutikisika: haitikisiki kwake, maana ubongo wake umezoea tangu uchanga. Hata wako unakuficha mengi. Simama mbele ya kioo, utazame jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha urudi. Hutayaona yakisogea hata mara moja, ila aliye pembeni yako atayaona yakiruka. Ubongo hufifisha picha wakati jicho linaruka, na macho yetu huruka kama mara 3 kwa sekunde. Ukipanda kivuko cha Kamanga siku ya mawimbi, ukalitazama jiwe la Bismarck, linabaki limetulia kwa sababu sikio la ndani huyaagiza macho yazunguke kinyume cha kichwa. Ni kazi kubwa sana, nasi tunaifanya bila kujua.

Miwani haitazima mtikisiko. Lakini watoto wengi wenye ualbino wana kasoro nyingine ambayo miwani huirekebisha, kwa hiyo mpeleke apimwe; pale Bugando kuna kliniki ya macho. Mwambie anayempima asimzibe jicho moja kwa kiganja, kwa sababu mtikisiko unaweza kuongezeka na mtoto akaonekana haoni kabisa. Mwombe atumie lenzi ya kutia ukungu, yaani inayofifisha jicho hilo bila kulifunika. Pia, mtoto apimwe akiwa amegeuza uso anavyopenda. Mchana avae kofia ya pama, kwani mwanga wa jua unamuumiza.

Tofauti ni kwa mtu mzima. Yeye macho yakianza kucheza ghafla, akaona vitu viwiliviwili au dunia ikimzunguka na miguu ikamlegea, hapo huenda ni ubongo, pengine kiharusi. Huyo asisubiri kliniki, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Mwalimu akikataa kumhamisha dawati, niandikie tena. Nitakuja Igoma mwenyewe.