Maswali ya Wasomaji: Mkoba wa Kazi wa Kielektroniki katika Mafunzo ya Ualimu

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka kwa wanachuo wa ualimu, wakufunzi wao na walimu wa shule hapa Dar es Salaam. Zote zinahusu mkoba wa kazi wa kielektroniki, yaani mkusanyo wa kazi za mwalimu tarajali unaohifadhiwa kwenye mtandao pamoja na maelezo yake mwenyewe kuhusu namna anavyojifunza kufundisha. Tumechagua nne kati ya barua hizo.

Mhariri, mimi ni mwanachuo wa shahada ya ualimu, naishi Chang'ombe. Tumeagizwa kutayarisha mkoba wa kazi wakati wa mafunzo kwa vitendo. Nimepakia maandalio yote ya masomo, maazimio ya kazi, picha za zana na cheti cha semina, lakini mkufunzi ameniandikia kwamba mkoba wangu bado haujaanza. Nimekosea wapi? Bando nalo linaniishia kila wiki.

Pole kwa kazi, na hongera kwa kutunza kumbukumbu zako, maana wenzako wengi huanza kuzitafuta karatasi wiki ya mwisho. Hata hivyo mkufunzi wako ana hoja. Ulichonacho sasa ni ghala. Mkoba wa kazi huanza pale unapochagua vitu vichache kutoka humo na kueleza kila kimoja kinathibitisha nini kuhusu ufundishaji wako, na kimekufanya ubadilishe nini.

Tuchukue somo la Hisabati la kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwalimu tarajali amefundisha, ametoa zoezi, na anaposahihisha anakuta daftari nyingi zina jibu lilelile: nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano. Watoto wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kwa mazoea, kwenye nafasi ya tathmini ya andalio la somo huandikwa kwamba somo limeeleweka kwa wanafunzi wengi na waliobaki watasaidiwa. Sentensi hiyo inaweza kuandikwa chini ya somo lolote, siku yoyote, na ndiyo maana haimwelezi msomaji chochote. Sasa mwalimu huyo apige picha ya ukurasa mmoja wa daftari wenye jibu hilo, na picha ya ubao kabla haujafutwa, kisha aandike alichokiona baada ya kuzitazama kwa utulivu: kwamba alichora maduara mawili yasiyolingana, kwa hiyo watoto hawakuweza kuona kwamba nusu na theluthi zinatoka katika kizima cha ukubwa mmoja, na kwamba hakumuuliza mtoto yeyote inawezekanaje jumla iwe ndogo kuliko nusu tuliyoanza nayo, kwa kuwa mbili ya tano haifiki nusu. Siku iliyofuata akaja na vipande vya karatasi vya urefu mmoja, watoto wakavikunja katika sehemu sita, wakahesabu wenyewe tatu na mbili wakapata tano ya sita. Picha ya daftari la mtoto yuleyule wiki moja baadaye ikiongezwa hapo, mkufunzi atakuwa ameona fikra za mwalimu zikifanya kazi, jambo ambalo maandalio arobaini yaliyopigwa muhuri hayawezi kumwonyesha.

Kwa hiyo yaache maandalio yako yote mahali yalipo, uchague masomo machache ambayo yalikusumbua au yalikushangaza. Somo lililoharibika na likachunguzwa vizuri lina thamani kubwa kuliko somo lililopendeza lisilo na maelezo.

Kuhusu bando, andika maelezo yako kwenye simu bila intaneti na uyapakie mara moja kwa wiki. Picha za simu punguza ukubwa kabla ya kuzipandisha. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, programu huzibana, na maandishi ya penseli huenda yasisomeke; zitume kama hati. Video fupi ya dakika tatu inatosha, na mara nyingi sauti peke yake inatosha zaidi, hasa unapotaka kuonyesha ulivyouliza maswali na ulivyowasubiri wanafunzi wajibu.

Mhariri, ninafundisha chuo kimoja Kinondoni na darasa langu lina wanachuo zaidi ya mia moja. Nikitaka kusoma mikoba yote sitamaliza, na nikitoa alama bila kusoma sitakuwa nimetenda haki. Isitoshe, mingi inafanana. Je, si afadhali turudi kwenye majalada ya karatasi?

Mkufunzi, majalada ya karatasi yangekuletea mzigo uleule, tena yangekufikia baada ya mafunzo kwa vitendo kwisha, wakati mwanachuo hana tena darasa la kujirekebishia. Faida kubwa ya njia ya kielektroniki iko katika wakati. Mwanachuo aliyepangiwa shule ya Kilwa au Sumbawanga anaweza kusomwa na mkufunzi aliye Kinondoni akiwa bado kazini, na msimamizi anayekwenda kumkagua akafika akijua tayari kijana huyo anahangaika na nini. Ukisoma ingizo moja tu, yaani ushahidi mmoja pamoja na maelezo yake, la kila mwanachuo katika wiki za mwanzo na kumwandikia sentensi mbili, utakuwa umesaidia kuliko ukisoma mkoba mzima baada ya yeye kurudi chuoni. Katikati ya kipindi wapange wawili wawili wasomane na kuulizana maswali. Mwishoni, badala ya kurasa zote, soma maingizo matatu ambayo mwanachuo mwenyewe amechagua, kisha mwite kwa dakika kumi umuulize juu ya mojawapo. Aliyenakili kazi ya mwenzake hawezi kukueleza kwa nini mtoto fulani aliandika jibu lile.

Kufanana kwa mikoba, kwa maoni yangu, kunaanzia kwetu. Tunatoa kiolezo chenye vichwa vingi vya kujaza, nao wanajaza. Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye mradi wake wa tathmini ya walimu katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ulichangia sana kuingiza mkoba wa kazi katika taaluma ya ualimu nchini Marekani, alikuja kuonya yeye mwenyewe kwamba mkoba unaweza kugeuka maonyesho ya mapambo, na kwamba watu wanaweza kuujaza mambo madogo yasiyostahili kutafakariwa. Onyo hilo linatuhusu moja kwa moja. Toa alama nyingi kwa ubora wa maelezo na uhusiano wake na ushahidi, kidogo kwa mpangilio, na usitoe alama yoyote kwa rangi na michoro.

Lipo jambo jingine ninalolisisitiza. Mwanachuo anayejua kwamba kila anachoandika kitapewa alama ataficha makosa yake, na tafakuri itakufa hapohapo. Mpe sehemu ambayo ni yake peke yake. Mahara, programu huria ya mikoba ya kazi iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2006, inamwachia mwenye mkoba aamue ukurasa gani usomwe na nani. Programu hiyo haina ada ya leseni, ingawa chuo kitahitaji seva na mtu wa kuitunza. Chuo kisicho na uwezo huo kinaweza kutumia Google Sites, huduma ya Google ya kutengenezea tovuti, mradi mipaka ya faragha ifundishwe tangu siku ya kwanza.

Mhariri, mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi Temeke. Wanachuo wanaokuja kwetu huwapiga watoto picha na video kwa ajili ya mikoba yao. Wazazi wameanza kuniuliza. Niwakataze?

Mwalimu Mkuu, wazazi wana haki ya kuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na taarifa za namna hiyo zinahitaji ridhaa ya maandishi. Usiwakataze, ila wawekee masharti kabla hawajaingia darasani. Kamera ikae nyuma ya darasa ikimwelekea mwalimu, kwa kuwa anayejifunza kazi ni yeye. Daftari lipigwe picha bila jina la mtoto, na nembo ya shule kwenye sare isionekane, maana jina la shule pamoja na sura vinatosha kumtambulisha mtoto. Panapokuwa na sababu ya kweli ya kuonyesha sura, chuo kilete barua ya Kiswahili kinachoeleweka, inayomweleza mzazi picha itaonwa na nani, itakaa wapi na itafutwa lini. Asiyesaini, mtoto wake asionekane. Picha za darasani kuwekwa kwenye status ya WhatsApp ya mwanachuo ni jambo ambalo ningelikataza kabisa.

Ninatarajia kuhitimu mwaka huu. Tumeambiwa akaunti zetu za chuo zitafungwa. Mkoba wangu utapotea? — Msomaji, Mbagala

Utapotea usipouhamisha mapema. Kama chuo chenu kinatumia Mahara, kuna sehemu ya kuusafirisha mkoba mzima kama kurasa za wavuti zinazofunguka kwenye kompyuta yoyote bila intaneti. Kama uko kwenye akaunti ya Google ya chuo, pakua mafaili yako uyapandishe kwenye akaunti yako binafsi. Ya bure ina gigabaiti 15, ambazo hugawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Weka nakala nyingine kwenye flashi. Kabla ya kuhamisha chochote, ondoa picha na kazi za watoto ambazo ridhaa yake ilitolewa kwa matumizi ya chuo tu.