Kabla hujabonyeza swichi ya grenda

Nafanya kazi ya mageti na madirisha ya chuma hapa Mtwara mjini, mwaka wa 16 sasa. Kila Oktoba minada ya korosho inapoanza, hela inaingia mitaani, watu wanarudi kwenye nyumba walizoziachia kwenye lenta, na kazi zinafurika. Ndipo wanapokuja vijana wapya, wengine kutoka Tandahimba na Newala, wengine wa hapa hapa Chikongola. Wote wana hamu moja, kushika grenda, ile mashine ya mkononi inayozungusha diski kukata na kusaga chuma. Kuchomelea wanaogopa kwa sababu ya mwanga, lakini grenda wanaiona kitu kidogo, kama pasi tu. Mimi naiogopa grenda kuliko mashine yoyote niliyo nayo, na ningependa ninyi mnaoanza muiogope hivyo hivyo.

Anza na diski. Ichukue, isogeze kwenye mwanga, uisome. Utaona kipenyo kwa milimita, unene, na namba kubwa ya mizunguko kwa dakika ambayo hairuhusiwi kuvukwa. Diski ya milimita 115, ile tunayoiita ya inchi nne na nusu, huandikwa 13,300. Ya 230, ya inchi tisa, huandikwa 6,600 hivi. Sasa geuza grenda yako ndogo usome kibandiko chake: nyingi zinazunguka 11,000 mpaka 12,000. Hapo ndipo kifo kilipojificha. Tundu la katikati la diski hizo mbili ni lile lile, milimita 22.23, kwa hiyo diski ya grenda kubwa inaingia kwenye grenda ndogo bila ubishi. Kinachozuia ni kinga peke yake, kile kibakuli cha bati kinachofunika nusu ya diski. Na kinga inatolewa kwa sekunde kumi.

Mtakuta karakana nyingi wanafanya hivyo. Diski ya inchi tisa imelika, imebaki kama milimita 160, fundi anaona hasara kuitupa. Anatoa kinga ya grenda ndogo, anaifunga, anakata. Piga hesabu: milimita 160 kwa mizunguko 11,000, ukingo wake unakwenda mita 92 kwa sekunde. Diski hizi zimetengenezwa kuhimili 80, ambazo tayari ni kama kilomita 288 kwa saa. Hakuna gari lililowahi kupita barabara ya Mtwara kwenda Lindi kwa mwendo huo.

Nilifanya hivyo mwenyewe nikiwa kibarua. Tajiri wetu alituambia diski mpya hakuna mpaka Jumatatu. Nilikuwa nakata nondo za milimita 12, nimechuchumaa, grenda nimeishika mkono mmoja, kinga iko kwenye kopo la misumari. Sikusikia maumivu, nilisikia mlio. Nilipotazama chini, sehemu ya katikati ya diski ilikuwa bado inazunguka kwenye mhimili, ndogo kama kifuniko cha soda, na zile nyuzi zake nyeupe zimechanika pembeni kama kitambaa. Kipande kimoja kilijichoma kwenye mlango wa mbao nyuma yangu. Kingine kilipita kwenye mkono wangu wa kushoto, juu kidogo ya kiganja. Nilishonwa nyuzi saba, na vidole viwili vya mkono huo mpaka leo havikunji sawasawa. Nikishika kikombe cha chai nakumbuka bei ya diski moja.

Kwa hiyo kwangu kinga haitoki. Kona ikiwa nyembamba kinga haiingii, tafuta msumeno wa mkono, au fungua kazi ukate ikiwa chini. Inachelewesha, najua.

Turudi kwenye diski. Kwenye ile pete ya chuma ya katikati kumegongwa mwezi na mwaka. Ni tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe. Wengi hawajawahi kuitazama. Diski ni chembe ngumu zilizoshikwa na gundi pamoja na wavu wa nyuzi, na gundi hiyo inadhoofishwa na unyevu. Sisi tunaishi pwani, na mvua zetu zinanyesha Desemba hadi Aprili. Diski iliyolala kwenye sakafu ya mchanga msimu mzima inaonekana nzima, lakini siyo. Zihifadhi zikiwa zimelala sawa, kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Iliyoanguka, iliyolowa au iliyopita tarehe, ivunje kabisa kabla ya kuitupa, kwa sababu ukiitupa nzima kuna mtu ataiokota.

Na diski nyembamba ya kukatia si ya kusagia. Ukiilaza kusafisha mchomeleo unaisukuma ubavuni, mahali ambapo haina nguvu yoyote. Ya kusagia ni nene, milimita 6 hivi. Badilisha, hata kama ni kwa kazi ya dakika mbili.

Jambo linalowashangaza wageni ni grenda kuruka. Mara nyingi kosa liko kwenye namna bomba lilivyowekwa. Ukililaza juu ya matofali mawili ukakata katikati, likikaribia kuisha linashuka kwa uzito wake, mkato unajifunga, diski inabanwa. Diski ikibanwa, nguvu yote inarudi kwako. Bana bomba kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, acha upande unaokatwa uning'inie nje, ili mkato ufunguke wenyewe kadiri unavyokwenda. Mikono yote miwili, na ule mpini wa pembeni ufungwe. Kichwa na kifua visikae kwenye mstari wa diski, simama kando yake kidogo.

Mafundi seremala nawasihi kwa jambo moja: ile diski ya msumeno yenye meno, inayouzwa ya kukatia mbao kwa grenda. Meno yanapokuta fundo kwenye mninga hayakati, yanapanda, na mara nyingi kinga imeshatolewa ili iingie. Kwangu haivuki mlango.

Cheche mnaziona nzuri usiku. Zinaruka mita kadhaa, na siku za upepo wa kusi zinafika mbali kuliko unavyodhani. Tazama kilichopo huko zinakokwenda: paa la makuti, magunia ya korosho ya jirani, tenki la pikipiki. Gunia haliwaki papo hapo, linafukuta ndani kwa ndani na moto unatoka watu wameshafunga. Ukimaliza kukata, kaa hapo nusu saa uangalie. Pipa lililokuwa na mafuta au petroli usilikate kabisa, hata kama ni tupu na limekaa mwaka. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Macho. Miwani ya jua haitoshi, tafuta ya kazi inayofunika pembeni, na kwa kukata vaa ngao ya uso juu yake. Chembe ikiingia jichoni usisugue, na usikubali mwenzako aichokoe kwa njiti ya kiberiti au kona ya karatasi. Chuma kikikaa kwenye kioo cha jicho kinaota kutu, na kutu hiyo inatolewa na daktari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Masikio yazibe. Ukikata vigae au zege mwagia maji au vaa barakoa nzuri, vumbi lake linaharibu mapafu. Kandambili, kamba za koti na glavu za nyuzi viache nyumbani, vaa glavu za ngozi zinazokubana.

Vifaa hivi si hisani ya tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupatie. Muulize kwa adabu, lakini muulize.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi na uchomoe plagi hapo hapo. Swichi ikiachwa imewashwa, umeme ukirudi grenda inaanza kukimbia sakafuni bila mtu.

Anayeanza kwangu, wiki ya kwanza hakati chochote. Anabadilisha diski, plagi ikiwa mkononi mwake aione. Anaisoma namba kwa sauti, ananisomea tarehe, anafunga kwa spana yake, anazungusha kwa kidole kuona kama inagusa kinga. Kisha anaelekeza ukutani, hakuna mtu mbele, anaiacha izunguke dakika nzima bila kukata. Ikitetemeka anazima, anasubiri isimame kabisa, anafungua na kuanza upya.