Kitenzi "prorogue": si kuvunja Bunge, wala si kuliahirisha tu

Mleta mada umeuliza "prorogue" maana yake nini, imetoka wapi, na kama ni sawa na "adjourn" au "dissolve". Natafsiri habari, na mwaka 2019 neno hili lilikuwa mezani kwangu kila siku, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Uingereza, "prorogue" ni kufunga mkutano mzima wa Bunge kwa amri ya Mfalme au Malkia, kwa ushauri wa serikali. Wabunge wanabaki na ubunge wao, ila hawakutani, kamati hazikai, mawaziri hawaulizwi maswali, na miswada isiyokamilika kwa kawaida hufa. "Adjourn" ni mapumziko wanayojiamulia wabunge wenyewe. Wakirudi wanaendelea walipoishia. "Dissolve" ndiyo kuvunja: viti vyote wazi, twende kwenye uchaguzi. Ndiyo maana mwaka 2019, Boris Johnson, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alipofanya "prorogue", kichwa cha habari "Johnson avunja Bunge" kilikuwa kinapotosha kabisa. Mimi niliandika "afunga mkutano wa Bunge" na kuongeza sentensi moja ya maelezo. Bado naona hiyo ndiyo njia salama.

Asili yake ni Kilatini: "rogare" ni kuuliza au kuomba, na "prorogare" ilikuja kuwa kurefusha muda wa madaraka. Mwaka 326 KK Publilius Philo, konsuli (mmoja wa viongozi wakuu wa Roma), alikuwa vitani kule Naples muda wake wa ukonsuli ukielekea ukingoni. Warumi wakamwongezea mamlaka amalize kazi. Kurefusha kukazaa kusogeza mbele, na Shakespeare alilitumia hivyo katika Romeo and Juliet, kwa kifo kinachocheleweshwa. Matumizi hayo yamekufa. Usiandike kwamba umei-"prorogue" semina. Siku hizi neno ni la mabunge, kama Uingereza, Kanada na India.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Tarehe 24 Septemba 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya Uingereza waliamua kwa kauli moja kwamba hatua ya Johnson ya kufunga mkutano wa Bunge ilikuwa batili, sawa na kupeleka bungeni karatasi tupu. Kesho yake Spika John Bercow akatangaza kwamba kumbukumbu rasmi za Bunge zisahihishwe: "prorogue" ifutwe, na isomeke kuwa siku ile ya kufungwa Bunge lili-"adjourn" tu.