Kufuta mgao wa koo Somalia: kwanza kesi ya kiwanja

SWALI: Somalia hugawana viti vya bunge kwa koo, ule mfumo wa 4.5. Kwa nini wasiufute, kila mtu apige kura yake, Al-Shabaab wakakosa hoja?

JIBU: Ndugu yangu, ukoo haufutwi kwa amri. Siad Barre, dikteta aliyetawala Somalia hadi 1991, alijaribu: mwanzoni mwa miaka ya 1970 sanamu za ukabila zilichomwa hadharani, huku mwenyewe akijizungushia watu wa koo tatu, Wamarehan, Waogaden na Wadhulbahante. Dola ilipoanguka mwaka 1991, ukoo ndio uliobaki kulipa diya, yaani fidia ya damu, na kuzuia kisasi.

Mgao wa 4.5, uliokubaliwa Arta, Djibouti, mwaka 2000, unazipa koo kubwa nne fungu moja moja na wachache wote nusu. Kwa Wabarawa na Wabantu wa Juba hiyo ni dhuluma, siutetei. Ila kuharibika kwake kuna hesabu yake. Mwaka 2016 kila kiti cha bunge kilipigiwa kura na wajumbe 51, basi mwenye fedha alihitaji kununua 26 tu. Awamu iliyofuata wakawa 101, na rushwa ikabaki palepale.

Wanaonichosha ni washauri wa mkataba wa miezi sita, katiba wamekuja nayo kwenye flashi. Huanza na sanduku la kura kwa kuwa linapendeza pichani. Al-Shabaab walianza na mahakama. Wapo wakazi wa Mogadishu, tena mitaa ya serikali, wanaowapelekea kesi za viwanja, maana hukumu yao hutoka upesi na hutekelezwa. Dereva wa lori akiwalipa ushuru hupewa risiti, na kizuizi chao cha mbele hakimtozi tena. Vizuizi vya askari na wanamgambo wengine kila kimoja kina bei yake.

Eneo likikombolewa, anza na kikosi cha kulishikilia, mshahara uingie benki kwa jina la askari. Ukipitia kwa kamanda, utalipa wanajeshi hewa, na askari wa kweli ataweka kizuizi chake ale. Kisha wazee wa koo zote, hata zile ndogo, wakubaliane visima, malisho na viti vya baraza kabla mji mkuu haujateua mkuu wa wilaya. Hapa ndipo wengi huharibu: ukoo mmoja ukipewa silaha peke yake, jirani yake mnyonge atawakaribisha Al-Shabaab wamlinde. Mahakama ifuate, halafu daftari la wapigakura, tena kidogo kidogo. Jimbo la Puntland lilianza kura ya moja kwa moja na wilaya 3 tu mwaka 2021.

Iwe Somalia au kwingine, mtu akikuletea tarehe ya uchaguzi kabla ya hayo, muulize kesi ya kiwanja ya wiki ijayo itasikilizwa na nani, na hukumu itatekelezwa na askari anayelipwa na nani.