Bologna kwa miguu: matao, minara na sahani ya tagliatelle

Ukishuka treni Bologna Centrale, kituo kikuu cha mji huu wa Italia, utaona saa ya ukutani imesimama kwenye saa nne na dakika 25. Usishtuke ukadhani umechelewa. Imeachwa hivyo kukumbuka bomu la tarehe 2 Agosti 1980 lililoua watu 85 kituoni hapo. Toka, shika Via dell'Indipendenza, na baada ya dakika 20 hivi uko Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji. Teksi ya nini? Hata mwavuli utaubeba bure, maana katikati ya mji kuna portico, yaani baraza za matao juu ya njia ya miguu, za kilomita 38 hivi. UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Shida yake ni sakafu: nyingi zimeng'arishwa, na zikilowa huteleza kama sabuni. Vaa raba zenye soli ya kushika.

Kanisa la San Petronio, lililo uwanjani hapo, lilianza kujengwa 1390, na uso wake haujamalizika mpaka leo: chini marumaru, juu matofali matupu. Ndani, sakafuni, kuna mstari wa karibu mita 67 uliochorwa na mwanaastronomia Cassini mwaka 1655. Jua hupenya tundu la darini na duara la mwanga hukatiza mstari huo adhuhuri ya jua, yaani jua linapofika juu kabisa. Wengi hufika saa sita kamili, wakangoja dakika tano, wakaondoka. Bologna iko magharibi ya longitudo inayofuatwa na saa za Italia, kwa hiyo jua huchelewa kwa wastani wa robo saa. Fika mapema kidogo uwe na subira. Majira ya joto, saa zikishasogezwa mbele, ongeza saa moja.

Ng'ambo ya uwanja, chini ya tao kubwa la jengo la Podestà, mmoja asimame kwenye kona na mwenzake kona ya mkabala, kila mmoja akiuelekea ukuta. Nong'ona, atasikia. Ukisimama katikati hutasikia kitu.

Sasa njaa. Ingia vichochoro vya Quadrilatero, upande wa mashariki wa uwanja, lakini usiagize spaghetti bolognese. Hapa ragù, mchuzi mzito wa nyama, huliwa na tagliatelle, tambi bapa za mayai ambazo tangu 1972 kipimo chake kimesajiliwa katika chama cha wafanyabiashara cha mji: milimita 8 zikiwa zimepikwa. Si ushamba wa wenyeji. Tambi ya mayai ina mkwaruzo, hushika mchuzi. Spaghetti ni laini, nyama yote hubaki chini ya sahani.

Asiyekula nguruwe awe macho, maana mji huu umejengwa juu yake: mortadella (soseji nene ya nguruwe), ragù (huwa na pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe), hata tortellini, tambi ndogo zinazoelea kwenye supu, hujazwa nyama hiyo. Omba tortelloni burro e salvia, tambi kubwa zaidi zilizojazwa jibini la ricotta, kwa siagi na majani ya salvia. Kusema "senza maiale" (bila nguruwe) hakutoshi. Uliza pia kama kuna "strutto", mafuta ya nguruwe, kwani crescentine, maandazi ya huku, kwa desturi hukaangwa nayo. Chakula cha mchana hutolewa kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu. Ukichelewa, jiko limefungwa. Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta, ukikaa mezani mara nyingi bei hupanda. Na "coperto" kwenye bili ni malipo ya meza na mkate, si wizi.

Minara miwili, Asinelli wa mita 97 na Garisenda ulioinama, itazame kwa mbali: tangu Oktoba 2023 kupanda kumesitishwa kwa sababu Garisenda inaimarishwa. Miguu ihifadhi kwa San Luca, kanisa lililo juu ya kilima. Kutoka Porta Saragozza kuna matao 666 na karibu kilomita 4 mpaka kanisani kileleni. Sehemu ya kwanza ni tambarare. Kwenye tao la Meloncello ndipo mlima unapoanza, na ngazi zake hazina huruma kwa tumbo lililojaa. Nenda asubuhi, kabla ya tagliatelle, na chupa ya maji mkononi.